Kinga ya Ndugu Yangu

Siku hizi hapa Kaole wananiita mkwezi wa chini. Ni mzaha, na mwanzoni nilicheka nao. Mkwezi wa chini ni mtu aliyepanda karibu kila mnazi wa huku, na sasa anakaa juu ya rundo la makumbi akifua nazi walizoangua wenzake, na hata hizo akifua chache anakiacha kifuo, kile chuma cha kufulia, anashika kiuno kama mama mjamzito, anatafuta pumzi. Kifua changu kimebaki hivyo tangu ule ugonjwa. Lakini si kifua kilichonikalisha chini niandike. Kifua nimekizoea. Naandika kwa ajili ya neno moja, kinga, ambalo lilitoka kwenye mdomo wa daktari na maana yake, likaingia kwenye masikio ya wakwe wa ndugu yangu na maana nyingine, na kati ya mdomo ule na masikio yale mimi nikawa muuaji.

Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikwenda siku ambazo hakuna nazi za kuangua. Anayetaka maandishi ya wasomi asinifuate. Na majina ya watu siyaandiki. Nitasema walichofanya, na kila mmoja akisoma atajijua.

Mimi na ndugu yangu tuliachiana ziwa. Baba mmoja, mama mmoja, kazi moja. Baba yetu alikuwa mkwezi, na hakumruhusu mtoto wake aguse mnazi mrefu kabla hajamfunga kinga. Wengine wataita hirizi. Sisi kwetu tuliita kinga, hatukuwa na neno jingine. Kipande cha ngozi kidogo kuliko kidole gumba, ndani aya iliyoandikwa kwa wino wa zafarani, kimeshonwa kwa uzi mweusi, kinafungwa mkono wa kulia juu ya kiwiko. Kinga ya kuanguka, kinga ya nyoka anayelala kwenye makuti, kinga ya nyigu. Nyigu ndio hasa. Mtu akivamiwa na nyigu kule juu mikono inaacha mti yenyewe.

Baba alipofariki kazi ya kufunga ikaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Sikuwa mganga, na sikuwahi kumfunga mtu wa nje ya nyumba yetu. Mwaka ule kabla ugonjwa haujafika huku, ndugu yangu alivamiwa na nyigu kwenye mnazi wa mzee mmoja wa jirani, akateleza kwa kifua mpaka nusu ya mti, ngozi ya kifuani ikabaki kwenye gome. Mkewe, shemeji yangu, ndiye aliyekuja kwangu, na kaka yake yuko nyuma yake.

"Shemeji, kinga ya mwenzangu imechakaa. Uzi wenyewe umeliwa na jasho. Mfunge nyingine."

Na kaka yake akaongeza, namkumbuka alivyosema, huku anajichokoa meno, "Mfunge iliyoshiba, kaka. Huyu bado tunamhitaji."

Nikamfunga. Nilikaa na udhu tangu alfajiri, nikaandika aya zile zile za baba, nikashona kwa mkono wangu. Waliokuja kuomba ni wao. Hilo naomba likae kichwani kwa anayesoma.

Halafu ukaja ugonjwa. Ulikuwa umeshapita mara moja, tukaambiwa umekwisha, na aliyeuliza zaidi alionekana mchochezi. Uliporudi haukurudi na jina lake. Watu walikuwa wakifa kwa changamoto ya upumuaji. Ndivyo ilivyotangazwa misikitini na ndivyo ilivyosemwa kwenye simu: fulani amepata changamoto ya upumuaji, fulani changamoto imemzidi. Mimi mkwezi nilijua changamoto ni mnazi uliopinda. Kumbe na kifo nacho.

Pale Dunda, karibu na soko, alikuwepo mtu mmoja na meza yake ya chupa. Tangawizi, malimau, vitunguu saumu, na mizizi ambayo hakuitaja. Alikuwa na kipaza sauti cha betri. "Ongeza kinga! Ongeza kinga, baba! Ugonjwa ukija ukukute mgumu!" Nilimnunulia ndugu yangu chupa, naye akaninunulia mimi, kwa siku tofauti, kila mmoja akidhani anamshtukizia mwenzake. Tukanywa zote. Tukajifukiza mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Yule mtu wa chupa bado yupo na meza yake. Sasa anauza za kuongeza nguvu za kiume, kwa kipaza sauti kile kile.

Nilianza mimi kuugua. Ndugu yangu ndiye aliyenibeba. Ua wetu ulikuwa mmoja, nyumba mbili zinatazamana, na kwa siku zile aliacha kulala kwake. Alinigeuza, akanipa uji, akaniambia maneno ya kunichekesha ili nikohoe. Waliponipeleka hospitali pale mjini nilikuwa sijui kama ni asubuhi au jioni. Nikawekewa hewa ya mtungi, tena tunaipokezana na mzee wa kitanda cha pili, kwa sababu mitungi ilikuwa haitoshi. Mzee yule alikufa mrija ukiwa kwangu. Sijui nimwambie nani hilo, nalisema hapa.

Ndugu yangu akaanza nyuma yangu. Homa yake ilikuwa ndogo. Alikuja kunichungulia dirishani, barakoa imeshuka kidevuni, akacheka, "Kaka, mimi imeniogopa." Baada ya siku kadhaa homa ikashuka, akala, akatembea uani. Watu wakasema amepona. Na ni hapo, alipokwisha kupona, ndipo pumzi ilipokatika. Ghafla, kama taa. Kwanza shemeji alisema ni uchovu, apumzike. Alipoanza kupauka midomo wakatafuta gari wakampeleka Dar es Salaam. Hakurudi. Walimzika mimi nikiwa bado kwenye mrija. Hata udongo sikumtupia.

Sasa sikiliza kilichotokea huko Dar, kwa sababu ndipo lilipozaliwa hilo neno. Walikuwa watatu nje ya wodi: shemeji yangu, kaka yake, na binti wa marehemu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili. Daktari alitoka amechoka, hivyo ndivyo walivyosimulia wenyewe, akavua miwani, akasema: tumejitahidi. Kirusi kilikuwa kimeshapungua. Kilichomzidi ni kinga yake. Kinga yake ndiyo iliyomgeukia.

Akaingia kwa mgonjwa mwingine.

Daktari huyo naye namtaja. Sikatai kwamba alichoka. Lakini mtu umesoma miaka yote hiyo, unawaambia watu wa pwani, wametoka Kaole, marehemu ni mkwezi, kwamba kinga yake imemuua, halafu unawapa mgongo? Angesema hata maneno mawili zaidi asingepungukiwa na kitu.

Niliporudi nyumbani hukumu ilikuwa imeshatoka. Shemeji alikuwa ndani kwenye eda, sikumwona. Kaka yake alikuwa amekaa barazani kwa ndugu yangu, kwenye kiti cha ndugu yangu.

"Asalaam alaykum," nikasema, nimeshika nguzo.

"Umerudi."

"Nimerudi, alhamdulillahi."

"Wewe umerudi," akasema tena, na safari hii akalivuta lile *wewe*. "Daktari mzima, mtu wa miwani, kasema kwa kinywa chake. Si ugonjwa. Kinga yake ndiyo iliyomgeuka. Nani alimfunga kinga, kaka?"

Nilidhani sijasikia vizuri, masikio yalikuwa yanavuma bado. "Daktari kasema nini?"

"Usijifanye. Kinga mbili, ua mmoja, mfungaji mmoja. Ya kwako imekulinda, ya kwake imemla. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako." Akatema mate pembeni. "Kwake kilikuwa mkononi."

Sikujibu, na si kwa kukosa jibu. Nilikosa pumzi. Nilisimama pale nahema, mkono kwenye nguzo, na watu waliokuja kunipa pole wakaona jinsi nilivyonyamaza, wakaenda na jibu lao.

Eda ilipokwisha shemeji akasimamisha uzio wa makuti katikati ya ua. Makuti yale tuliyaangua mimi na mumewe, yalikuwa yamelundikwa kuezekea jiko. Kuanzia hapo kuku wangu wakipita upande wa pili wanarudi wamevunjika mguu. Watu wenye minazi wakawa wananiita kufua tu, na hata kwenye kufua mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, mimi nasikia, "Nazi zake mimi sizikuni. Utajuaje ameziambia nini?" Akacheka. Mwenzake akacheka. Na walizinunua, maana zilikuwa rahisi.

Hivyo ikaenda. Binti wa marehemu akamaliza shule, akajifunza kushona, akapata cherehani pale Dunda. Tukikutana njiani ananiamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," anatazama chini, anaongeza mwendo. Nikasema ni heshima. Nikasema, maskini, anamwogopa mama yake.

Kuna kituo cha utafiti upande huu, watu wa kuchukua damu. Siku moja wakapita kwa mwenyekiti wa kitongoji wakitafuta waliougua wakapona. Mimi nikaenda. Nilimkuta mama mmoja daktari, mtu wa bara, wa makamo yangu, msalaba mdogo shingoni. Alinipa kiti kabla ya kunipa sindano, jambo ambalo sikulizoea.

"Baba, hatutafuti ugonjwa," akasema. "Umeshakwisha. Tunatafuta kwa nini wewe upo."

"Wakwe wa ndugu yangu nao wanatafuta hilo hilo," nikamwambia.

Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Akauliza. Nikamweleza yote, kinga ya mkononi, daktari wa Dar, uzio. Aliweka kalamu chini.

"Kinga," akasema polepole. "Mungu wangu. Wamedhani ni ile ya kufungwa."

Ndiyo mara ya kwanza nikaambiwa kwamba mtu anazaliwa na kinga yake ndani. Hapana, nisidanganye, redioni nilikuwa nimesikia kinga ya mwili, kinga ya mwili, lakini hata mtu wa chupa aliita hivyo hivyo, na sisi kwetu ile ya mkononi ndiyo kinga ya mwili, kwa sababu ipo na ya nyumba na ya shamba. Nani angetutenganishia?

Akanieleza. Ndani ya kila mtu kuna vitu vidogo visivyoonekana vinaitwa vimeng'enya. Kazi yake ni kufanya mambo ya mwili yaende upesi. Kimoja kinavunja chakula, kingine kinagandisha damu ukijikata. Na kipo kimoja ambacho wao wanakifuatilia, ambacho kirusi kikiingia, chenyewe kinasaidia kuiamsha kinga. Kwa mtu mmoja kinaamsha mapema, kisha kinatulia. Kwa mwingine huenda kinachelewa, na kikishaanza hakitulii, kinga inaendelea kupiga hata adui akiwa anaondoka. Na inapopiga ni humo humo mapafuni mwa mwenyewe.

"Kwa hiyo kirusi hakikuja na hicho kimeng'enya."

"Hapana. Ni chako. Umezaliwa nacho."

"Na ndugu yangu? Sisi tumbo moja."

"Una watoto, baba? Wote wana urefu mmoja?"

Nilikuwa nafikiria nyigu. Baba alikuwa anapanda na mwenge wa makuti makavu, anautia kwenye kiota, anautoa. Nyigu wanakwenda zao. Alikuwepo mkwezi mmoja mlevi, yeye aliuacha mwenge kule juu mpaka nyigu wote wakafa, akashuka anajisifu. Kilele cha mnazi kikawa kimeungua. Mnazi ukiungua kilele umekufa, hata ukiendelea kusimama. Nikamwambia yule mama.

Akafikiri. "Karibu hivyo. Mwenge ndio kinga. Kimeng'enya ni mkono unaoushika. Lakini mkono una mambo mengi, baba, na sisi hatujayajua yote. Tukiyajua tutajua dawa ya kuushika usizidishe."

Moyo ukanipanda. Nikamwambia njoo Kaole, uwaambie haya, kama ulivyoniambia.

Akatikisa kichwa. "Damu ya marehemu sina. Siwezi kusimama mbele ya watu niseme kafa kwa kitu ambacho sikukiona. Nikija nitasema inawezekana."

"Inawezekana haibomoi uzio."

"Najua," akasema. "Pole, baba."

Naye namtaja, ingawa kwa upole. Ukweli wake ulikuwa safi, hakutaka kuuchafua kwa kunisaidia mimi.

Halafu posa ikaja. Kijana wa Ubena, fundi wa pikipiki, familia ya watu watulivu. Na hapo ndipo kila kitu kilipofika shingoni, kwa sababu binti hana baba, hana babu, hana kaka. Kwa sheria yetu walii wake ni mimi. Mimi ndiye wa kumshika mkono bwana harusi na kutamka, nimekuozesha binti wa ndugu yangu. Katika vitu vyote vya marehemu, hicho ndicho kilichobaki mikononi mwangu. Sikumwosha, sikumzika. Nikasema hiki hawanipokonyi.

Wakataka kunipokonya. Ujumbe ulikuja kupitia kwa shehe wa msikiti wetu: upande wa mama wanaona bora shehe mwenyewe aozeshe, mimi nitoe tu ruhusa nikiwa kwangu, nisifike. Shehe, Mungu amlipe, alikataa kulibeba hilo peke yake. Akaitisha kikao kwa shemeji. Ndiyo mara ya kwanza kuvuka ule uzio tangu uliposimama.

Tulikaa sebuleni, shehe, mimi, na kaka wa shemeji, ambaye kwa binti ni mjomba. Shemeji alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, miguu yake inaonekana chini.

"Shehe, sheria tunaijua," mjomba mtu akaanza. "Lakini huwezi kumpa fisi bucha. Aliyemmaliza baba ndiye amtoe mtoto?"

"Tuseme kwa adabu," shehe akasema.

Nikaomba nafasi. Nikaeleza kama nilivyoelezwa, kinga ya kuzaliwa nayo, na hicho kinachoiamsha. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno njia nzima.

"Kinaitwa kimeng'enya."

"Kimeng'e nini?"

"Kimeng'enya."

"Kabila gani hilo? La bara?" Akageuka kwa shehe. "Haya, majini nayo yamesoma. Zamani tulikuwa na subiani, tulikuwa na ruhani. Sasa tuna kimeng'enya, cheti chake kidato cha sita."

Shehe aliinamisha uso, kofia ikashuka, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Hata mimi, walahi, siku nyingine ningecheka.

Aliponyanyua kichwa akawa amekwisha kucheka. "Sikilizeni. Uwalii hauvuliwi kwa maneno ya baraza. Nani alimwona huyu akitenda dhara?"

"Daktari kasema."

"Daktari yuko wapi?"

"Daktari yuko Dar. Lakini tuliosikia tupo. Mimi nipo, dada yupo, na binti yupo." Mjomba mtu akapiga goti lake. "Tena binti ndiye msomi. Aitwe yeye, msije mkasema tumetunga."

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita. Nalisema hili kwa furaha, ndiyo furaha pekee niliyoipata siku ile, na haikukaa.

Binti akaja, akakaa karibu na mlango, mtandio hadi kwenye nyusi.

"Mwanangu," shehe akamwuliza, "daktari alisemaje?"

"Alisema ni kinga yake."

"Mnaona!" mjomba akaruka.

"Nikamfuata," binti akasema.

Hakuna aliyemwelewa. Shehe akamwuliza, ulimfuata nani.

"Daktari. Mama alikuwa ameanguka chini, mjomba anampepea. Nikamfuata daktari kwenye korido, nikamwuliza, kinga gani, hii ya mkononi? Akanitazama kama mjinga. Akasema hapana, ya ndani ya damu, aliyozaliwa nayo. Akasema ile ya mkononi waliikata siku ile ile alipoingia, walikuwa wanatafuta mshipa." Akashika ncha ya mtandio. "Nikapewa mimi kwenye mfuko wa nguo zake."

Pazia likatikisika. "Na hukusema?" Ilikuwa sauti ya shemeji, lakini ilitoka kama ya mzee.

"Ulikuwa unalia, mama. Mjomba alikuwa ameshaanza kusema. Nikasema nitasema arobaini ikipita. Ikapita. Ukajenga uzio. Nikaona..." Hapo akanitazama mimi, mara moja tu, halafu akatazama mkeka. "Nikaona ukiacha kumchukia baba mkubwa utajichukia mwenyewe. Wewe ndiye uliyesema baba apumzike, tusimpeleke."

Mjomba mtu akaanza kutafuta kandambili zake kwa miguu, chini ya kiti. "Mimi nilisema nilichosikia," akasema. "Nilisema nilichosikia tu." Akatoka. Nyuma ya pazia shemeji alikuwa analia bila sauti, nilijua kwa miguu yake.

Watu wakisikia habari hii wananiambia, basi, umesafishwa, mshukuru Mungu. Namshukuru. Lakini hawaulizi nilirudi kwangu na nini. Miaka yote ile nilikuwa na hesabu yangu ya wabaya, mtu wa chupa, daktari mwenye haraka, mjomba mwenye mdomo, shemeji mwenye uzio, na waliotuambia ugonjwa umekwisha. Na upande wa pili wa hesabu nilikuwa na mtu mmoja tu, mtoto anayeniamkia njiani anatazama chini. Huyo nilimweka kando, safi. Kumbe alikuwa anatazama chini kwa sababu anajua. Mtoto mdogo, ndiyo. Alikuwa anamlinda mama yake, ndiyo. Alichagua nani aungue ili nani abaki, na akanichagua mimi, baba yake mkubwa, ambaye kifua kimeshaungua.

Siku ya ndoa, kabla ya kwenda msikitini, walii anatakiwa amwendee bibi harusi amwulize. Nikasimama mlangoni pa chumba. Alikuwa amekaa kitandani, amepakwa hina mpaka kiwiko, wanawake wamemzunguka. Walipotuachia nafasi akasema, kabla sijasema mimi, "Baba mkubwa, nisamehe."

Nikamwambia, "Nimekuja kuuliza habari ya ndoa."

Akainama.

"Umeridhika nikuozeshe kwa kijana huyu, kwa mahari mliyokubaliana?"

"Nimeridhika."

Nikaenda. Msikitini nilikaa nikitazamana na kijana, magoti yanagusana, nikamshika mkono wa kulia. Mkono wa fundi, una oili ndani ya kucha. Nikaanza, nimekuozesha binti wa ndugu yangu, nikataja jina lake, na nilipofika kwenye jina la baba yake pumzi ikaisha. Shehe akasema, haina neno, anza upya, iende pamoja. Nikaanza. Ikakatika pale pale. Kijana hakuniondolea mkono, alinibana kidogo. Mara iliyofuata nilivuta hewa kama nilivyokuwa navuta zamani chini ya mnazi mrefu, nikatamka yote mpaka mwisho, na jina la ndugu yangu ndani yake. Akajibu amekubali. Watu wakasoma Fatiha.

Nimemwozesha mimi. Hilo limekwisha, hakuna wa kulitengua, na ndugu yangu huko aliko najua limemfikia. Uzio umebomolewa, makuti yamekuwa kuni, na shemeji ananiletea futari mwezi wa Ramadhani, anaiweka kizingitini, anaondoka.

Binti hupiga simu kutoka Ubena. "Shikamoo, baba mkubwa." Namwitikia, marahaba. Halafu ananyamaza, na mimi nanyamaza. Ninajua anachongoja. Namsikia anavyopumua. Kila mara naliona lile neno aliloniomba siku ya ndoa liko hapa, karibu kabisa, na kila mara namwuliza mumeo hajambo, na mvua huko zimenyesha.